Neno "nyingi": kisa cha uvimbe wa shina la ulimi uliotolewa kupitia mdomoni

Saa nane kasorobo usiku, siku ya tisa baada ya upasuaji, mwalimu mmoja wa miaka 57 aliamka akihisi ladha kama ya chuma mdomoni. Akawasha taa, akatema kwenye tishu. Damu mbichi, kiasi cha kijiko cha chai. Akasukutua kwa maji baridi, akatema tena. Safari hii yalitoka mate yenye uzi mwembamba wa wekundu, kisha mate matupu. Akachukua karatasi ya maelekezo aliyopewa siku anatoka wodini, akaisoma: "Damu ikitoka nyingi, rudi hospitali mara moja." Akaitazama tishu. Haikuwa nyingi. Akazima taa.

Mimi ni mmoja wa madaktari waliomfanyia upasuaji huo, wa kutoa saratani nyuma ya ulimi kwa msaada wa roboti, na karatasi ile niliiandika mwenyewe. Kisa hiki nakiandika kwa ruhusa yake, na nimebadilisha mambo machache yasiyogusa tiba ili asitambulike. Wengi wanaosimulia upasuaji wa aina hii husimulia roboti. Nitaisimulia pia, maana ilifanya kazi yake vizuri. Lakini kilichotaka kumwondoa duniani mgonjwa wetu ni kidonda kilichobaki nyuma ya ulimi wake, mahali ambapo si yeye, si mkewe, wala sisi wenyewe kwa jicho la kawaida tungeweza kukiona. Usoni hakuwa na hata mkwaruzo. Shingoni alikuwa na mshono mmoja uliofuata mkunjo wa ngozi, na kila aliyemtazama alimpa pole kwa ajili ya ule mshono.

Gololi shingoni

Alianza kwa kuhisi kitu kama gololi upande wa kushoto wa shingo, chini kidogo ya pembe ya taya, wakati ananyoa ndevu. Hakikuuma. Hakuwa na homa, sauti haikubadilika, chakula kilipita bila shida. Alipewa antibiotiki, na baada ya wiki tatu akapewa nyingine. Kipimo cha altrasaundi kikaonyesha mfuko wenye majimaji, na aliyesoma picha akaandika kwamba huenda ni uvimbe wa kuzaliwa nao. Miezi minne ikapita hivyo.

Niseme hapa bila kuzunguka: mtu aliyevuka miaka 40 akitokewa na uvimbe wa majimaji pembeni mwa shingo, uhesabiwe kuwa ni tezi ya limfu yenye saratani mpaka ithibitike vingine. Saratani ya koromeo inayoletwa na virusi vya HPV, hasa aina ya 16, ndiyo tabia yake. Chimbuko huwa dogo na hujificha ndani ya mikunjo ya tonsili au ya shina la ulimi, huku tezi ya shingoni ikivimba, ikioza katikati na kugeuka mfuko wa maji. Mgonjwa anakuja na shingo, kumbe ugonjwa uko kooni. Tena mara nyingi si mvutaji wa sigara wala mnywaji wa pombe, kwa hiyo hakuna anayemshuku. Mwalimu wetu hakuwahi kuvuta.

Nilipomchungulia kwa kamera nyembamba kupitia puani, shina la ulimi lilikuwa na vinundu kushoto na kulia, kama ilivyo kwa watu wengi. Pale pana tishu za aina ya tonsili kwa kila mtu. Sikuona la ajabu. Kisha nikavaa glavu, nikamwomba avumilie, nikapitisha kidole hadi nyuma kabisa. Upande wa kulia ulikuwa laini kama sehemu ya ndani ya shavu. Upande wa kushoto kidole kiligota kwenye sehemu ngumu kama ncha ya pua. Kipimo hicho kinachukua sekunde tano na hakihitaji umeme, na wagonjwa wengi hufika kwetu wakiwa wamepita mikono kadhaa bila hata mmoja kukifanya.

Sindano iliyoingizwa kwenye tezi ilitoa chembe za saratani ya skwamasi, yaani inayoanzia kwenye chembe bapa za utando, na kipimo cha p16 kikawa chanya, alama inayoelekeza kwenye HPV. Picha ya MRI, inayopigwa kwa sumaku, ikaonyesha uvimbe wa sentimita 2.3 kwenye shina la ulimi kushoto, haujavuka mstari wa katikati, na tezi moja ya sentimita 2.8. PET, picha ya mwili mzima inayosaka saratani iliyosambaa, haikuonyesha kitu mapafuni wala kwingineko. Kwa mfumo wa kupanga hatua za saratani, ambao T ni ukubwa wa uvimbe na N ni tezi, toleo lake la 8, ulioanza kutumika mwaka 2018 na unaotenganisha saratani za koromeo zenye p16 na zile zisizo nayo, alikuwa T2 N1, hatua ya I. Kwa toleo lililotangulia, mtu huyuhuyu angeitwa hatua ya III. Mfumo ulibadilika kwa sababu wagonjwa wa kundi hili hupona kwa wingi kuliko wenzao wenye saratani ya sigara, na hilo ndilo lililotufanya tufikirie sana maisha yake ya miaka 20 ijayo. Kumtoa saratani halafu kumwachia koo lisilomeza si kazi ya kujivunia.

Mkewe alibaki nyuma mumewe alipotoka kwenda kupimwa damu. Akauliza kwa sauti ya chini, "Daktari, hivyo virusi amevitoa wapi?" Nimeulizwa swali hilo mara nyingi, na najua linabeba nini. Nikamwambia ukweli ulivyo: HPV huambukizwa kwa kujamiiana, ikiwemo kwa njia ya mdomo, watu wengi sana hupitiwa na virusi hivyo na mwili huvifuta wenyewe, kwa wachache hubaki kimya, na kati ya maambukizi na saratani inaweza kupita miaka 20 au 30. Hakuna kipimo kinachoweza kusema viliingia lini wala kwa nani. Akanyamaza kidogo, akaniuliza kuhusu chanjo kwa watoto wao. Tukaongea kuhusu chanjo.

Njia ya kufika nyuma ya ulimi

Shina la ulimi ni mahali pabaya kwa kisu. Liko nyuma ya meno, chini ya upeo wa macho, linapinda kuelekea kwenye kifuniko cha njia ya hewa. Kwa miongo mingi njia ya kulifikia ilikuwa kupasua mdomo wa chini hadi kidevuni, kukata taya kwa msumeno, na kulifungua kama mlango wa mbao mbili. Mgonjwa alitobolewa koo apate kupumua, akawekewa nyama kutoka sehemu nyingine ya mwili kuziba pengo, akarudishiwa taya kwa bamba na skrubu. Ndiyo maana tiba ya mionzi pamoja na dawa za saratani ilichukua nafasi kubwa miaka ya 1990. Watu waliikimbia operesheni ile, na walikuwa na haki.

Njia ya mdomoni ilirudi kwa hatua. Mwaka 1972 Strong na Jako, huko Boston, walichapisha kazi yao ya kutumia leza ya kaboni dayoksaidi kwenye zoloto, kisanduku cha sauti. Huko Göttingen, Ujerumani, Wolfgang Steiner aliivusha mbele zaidi: akathubutu kukata uvimbe wenyewe vipande vipande chini ya hadubini ili aone kina chake, jambo lililokwenda kinyume na kila alichofundishwa mpasuaji wa saratani. Tatizo la leza ni kwamba mwanga unanyooka. Shina la ulimi linapinda. Kilichojificha nyuma ya pindo hakionekani, na kisichoonekana hakikatwi vizuri.

Katikati ya miaka ya 2000, Gregory Weinstein na Bert O'Malley wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania waliingiza mikono ya roboti ya da Vinci mdomoni. Kamera yake inaweza kutazama kwa pembe ya nyuzi 30, na vyombo vyake vina kifundo kinachopinda kama cha mkono wa mtu, ndani ya nafasi ambayo mkono wenyewe hauingii. Desemba 2009 mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani ikaidhinisha roboti hiyo itumike kwa uvimbe wa T1 na T2 wa eneo hili.

Haya yote tulimweleza. Tulimweleza pia kwamba asije akadhani kipya ndicho bora. Utafiti wa ORATOR, uliochapishwa mwaka 2019, uliwagawa wagonjwa 68 kwa bahati nasibu kati ya mionzi na upasuaji wa mdomoni. Baada ya mwaka mmoja, alama za kumeza, kati ya 100, zilikuwa 86.9 kwa waliopata mionzi na 80.1 kwa waliopasuliwa. Tofauti hiyo haikufikia alama 10 ambazo huhesabiwa kuwa mgonjwa mwenyewe angezihisi, lakini haikuupendelea upasuaji, na mgonjwa mmoja aliyepasuliwa alifariki kwa kutokwa damu. ORATOR2 uliofuata ulisimamishwa mapema baada ya vifo viwili upande wa upasuaji. Daktari anayempa mgonjwa habari za roboti bila kumtajia namba hizi anamficha kitu alichokuwa na haki nacho.

Kwa nini basi alichagua kisu? Njia ya mionzi bila kisu ingekuwa dozi ya 70 kwa vipimo vya Grei, mara 35 kwa wiki saba, pamoja na sisplatini, dawa ya saratani ya kudungwa mshipani. Kwa upasuaji palikuwa na nafasi ya kupunguza dozi, na huenda ya kuikwepa sisplatini. Nafasi tu, nilimrudia neno hilo. Alikuwa tayari anasikia mlio sikioni baada ya miaka mingi ya madarasa yenye kelele, na sisplatini huharibu usikivu. "Nikiwa siwasikii wanafunzi, nafundisha ukuta," alisema. Hiyo ndiyo sababu iliyomaliza mazungumzo.

Kabla ya kukubali, tulipima yanayokataza. Meno yake yalifunguka milimita 43, nafasi ya kutosha. Taya halikuwa dogo, shingo ilikunjuka nyuma vizuri. Tukatafuta kwenye picha ilipopita ateri ya karotidi ya ndani, mshipa mkubwa unaopeleka damu kwenye ubongo. Kwa watu wachache hupinda ikaja kulala nyuma kabisa ya ukuta wa koromeo, na hapo kisu hakiingii. Tukatazama ateri za ulimi, ya kushoto na ya kulia. Ulimi unaweza kuishi kwa moja. Uvimbe ukizifikia zote mbili, hakuna roboti itakayokuokoa. Wake ulikuwa mbali na ya kulia.

Siku yenyewe

Mpira wa kupumulia ulipitishwa puani ili mdomo ubaki wazi. Meno yalivikwa kinga, ulimi ukatobolewa kwa uzi mzito na kuvutwa mbele, kisha chuma cha kupanua mdomo kikawekwa na kurekebishwa mara tatu au nne. Sehemu hii haina sifa yoyote na wageni wanaotembelea chumba cha upasuaji huitazama saa bila uvumilivu, lakini nusu ya operesheni iko hapa. Usipopata mwonekano mzuri katika dakika hizi, ni bora kuacha kuliko kulazimisha.

Mpasuaji mkuu alikaa kwenye kiti chake mita kadhaa kutoka kitandani, macho ndani ya kioo. Mimi nilikaa kichwani mwa mgonjwa na mipira miwili ya kunyonya damu na moshi. Ukikaa pale unaona vitu viwili kwa pamoja: mbele yako mdomo wa binadamu uliojaa vyuma, na kwenye skrini juu yako pango kubwa jekundu, kila mshipa mdogo unang'aa. Mkato ulianzia katikati ya ulimi, ukashuka kuelekea bonde lililo mbele ya kifuniko cha njia ya hewa, kisha ukatoka nje kushoto hadi kwenye mfereji kati ya ulimi na tonsili.

Roboti tuliyotumia haimpi mpasuaji hisia ya mguso. Anajua ugumu wa nyama kwa kuangalia inavyokunjamana na inavyogoma kuvutika. Mara mbili aliniomba nipenyeze kidole, na mara ya pili nilihisi ule ugumu wa siku ya kwanza ukiwa karibu mno na mstari wa chini. Tukaongeza kina kwa milimita chache kwenye msuli. Tawi la ateri ya ulimi lilijitokeza pale, likafungwa kwa klipu kabla ya kukatwa. Uvimbe ulitoka kipande kimoja, tukaubandika kwa pini kwenye ubao na kuandika mbele, nyuma, juu na chini, maana kipande kisichojulikana upande wake hakimsaidii mwanapatholojia. Majibu ya haraka ya kingo yalikuja safi.

Kisha shingo. Tezi ziliondolewa kwa mkato wa kawaida wa nje, na kupitia mkato huohuo tukafunga ateri ya ulimi na ya uso, matawi ya karotidi ya nje, upande wa kushoto. Ilichukua dakika kumi hivi. Zikumbuke dakika hizo.

Kidonda cha mdomoni hakikushonwa. Hakishonwi. Nyama huachwa wazi, ijijaze yenyewe kutoka chini kwa wiki kadhaa.

Siku zilizofuata zilikuwa ngumu kwake kuliko alivyotarajia, na nadhani kuliko tulivyomwandaa. Maumivu yalipanda hadi sikioni, kwa sababu neva inayohudumia nyuma ya ulimi ina tawi linalokwenda kwenye sikio la kati, na ubongo haujui kutenganisha. Mara mbili aliomba tumwangalie sikio. Alilishwa kwa mpira wa puani. Siku ya tatu mtaalamu wa kumeza alianza naye kwa maji kidogo. Akapaliwa, akakohoa mpaka machozi yakamtoka. Wakafanya zoezi moja mara nyingi kwa siku: vuta pumzi, ibane, meza, kohoa, meza tena, ndipo upumue. Siku ya sita alikuwa anameza vitu vilainifu bila kupaliwa, mpira ukatolewa, siku ya saba akaondoka nyumbani akitembea. Kwenye mlango wa wodi aligeuka, akapunga mkono. Ukimtazama ungedhani ametoka kung'olewa jino.

Usiku wa tisa

Mkewe alikuwa macho. Alimuuliza ametema nini. "Kidamu tu, Mama, lala." Lakini siku ya kuruhusiwa, wakati mumewe anavaa viatu, nesi wa zamu alikuwa amemshika mkono mkewe na kumwambia kitu ambacho hakikuandikwa popote: "Mama, hata ikilowesha tishu moja tu, msingoje asubuhi." Usiku ule mkewe aliwasha taa, akaokota ile tishu kwenye pipa, akaifungua. Ilikuwa imelowa.

Walifika saa nane na nusu. Presha yake ilikuwa nzuri, mapigo 88, mate meupe. Daktari wa zamu alimulika kooni akaona bonge jeusi la damu iliyoganda upande wa kushoto, halitoi kitu. Alinipigia. Aliuliza kama amlaze amwangalie hadi asubuhi, na lilikuwa swali la haki kabisa kwa mtu ambaye hajawahi kuona kinachofuata.

Kati ya siku ya tano na ya kumi na nne, utando mweupe unaofunika kidonda hubanduka. Chini yake kuna ncha za mishipa zilizochomwa au kubanwa siku ya operesheni, nazo zimelainika. Damu ya kwanza mara nyingi huwa ndogo, hukata yenyewe, na mtu hujiona amepona. Ni mpiga hodi. Ya pili inaweza kuja baada ya dakika au saa kadhaa, na hiyo haiui kwa kupungua damu mwilini. Huua kwa kujaa kwenye njia ya hewa ya mtu aliyelala chali. Tafiti nyingi huripoti kwamba wagonjwa kati ya 5 na 8 kwa kila 100 hutokwa damu baada ya upasuaji huu. Wengi wao hutokwa kidogo. Hakuna njia ya kuwajua kwa kuwatazama usoni.

Nilimwambia daktari wa zamu mambo machache nikiwa navaa. Akae wima, ainamie mbele, ateme, asimeze. Asipewe dawa ya kumtuliza. Sindano mbili nene mkononi, damu ya akiba iagizwe, apewe asidi ya traneksamiki, dawa ya kuzuia bonge la damu lisiyeyuke. Bonge lile asiliguse mtu kwa pamba wala kwa mpira wa kunyonyea wodini, linashikilia mlango. Aamshwe mtaalamu wa usingizi, na mgonjwa apelekwe kwenye chumba cha upasuaji sasa hivi, hata kama hatoki damu.

Ilitoka saa tisa na robo, akiwa ameketi kwenye meza ya upasuaji, mtaalamu wa usingizi amesimama kando yake, shingo yake ikiwa imechorwa mstari wa kalamu mahali pa kukata kama njia ya juu ingeshindikana. Alikohoa mara moja, macho yakapanuka, ikaja kwa mapigo, nyekundu mbichi. Mipira miwili ya kunyonya ilikuwa tayari mdomoni. Mpira wa kupumulia ulipita kwa jaribio la pili, kwa laringoskopu yenye kamera. Nusu dakika hivi. Naweza kuisikia mpaka leo sauti ya mashine ya kupimia oksijeni ikishusha mlio wake, maana mlio hushuka kadiri oksijeni inavyopungua mwilini.

Baada ya hapo ilikuwa kazi ya kawaida. Tuliondoa bonge, tukakuta tawi moja pembezoni, si nene kuliko njiti ya kiberiti, likitoa damu kwa nguvu ndogo. Klipu mbili. Kwa jumla alipoteza kama mililita 400, hakuhitaji kuongezewa. Ile nguvu ndogo ndiyo dakika kumi za kufunga ateri shingoni. Kufunga huko hakupunguzi sana idadi ya wanaotokwa damu. Kunapunguza ukali wa damu yenyewe. Usiku ule ukali ndio uliokuwa na maana.

Lakini ateri iliyofungwa isingemsaidia kama angekuwa amelala chali nyumbani saa tisa na robo. Na kwa karatasi yangu, ndipo alipopaswa kuwa. Alifuata maelekezo vizuri, kama mwalimu anavyosoma swali la mtihani: imeandikwa nyingi, hii si nyingi, kwa hiyo hapana. Neno hilo niliandika mimi, nikiwa na haraka, kwa sababu sikutaka watu warudi usiku kwa kila mate yenye wekundu. Nililinda usingizi wa wodi. Siku tatu baadaye, akiwa bado kitandani, aliniomba kalamu nyekundu. Alikuwa na ile karatasi. Akalizungushia neno duara, akanirudishia bila kusema kitu. Bado kuongea kulimuuma.

Sasa karatasi inasema: "Damu yoyote, hata ya kulowesha tishu moja, hata kama imekata, rudi saa hiyohiyo. Keti wima. Usilale." Na wanaokaa mbali na hospitali hatuwaruhusu kurudi nyumbani kabla ya siku ya kumi na nne, wanatafuta pa kufikia karibu. Baadhi ya wenzangu waliona ni usumbufu. Nimewaonyesha ile yenye duara.

Majibu ya maabara na baada yake

Uvimbe ulipimwa sentimita 2.4. Ukingo wa karibu kabisa ulikuwa wa chini, milimita 3, mahali palepale kidole kilipotuzuia. Tezi 2 kati ya 31 zilikuwa na saratani, na haikuwa imepasua gamba la tezi. Kama ingepasua, au kama ukingo ungekuwa na saratani, angehitaji mionzi pamoja na sisplatini, yaani tiba tatu badala ya mbili, na hapo upasuaji ungekuwa umemwongezea mzigo tu. Ndiyo hatari halisi ya njia hii, na ndiyo maana picha za shingo husomwa mara mbili kabla ya kumgusa mtu.

Kwa kundi lake la hatari ya kati, utafiti wa E3311 uliochapishwa mwaka 2022 ulilinganisha Grei 50 na 60 baada ya upasuaji wa mdomoni. Walioishi miaka miwili bila ugonjwa kuendelea walikuwa asilimia 94.9 na 96.0. Tulijadili 50. Kwa kuwa ukingo ulikuwa mwembamba, jopo liliamua 60, mara 30, bila sisplatini. Tulitaka aanze ndani ya wiki sita tangu upasuaji. Ule usiku ulitukula siku kadhaa, na alianza siku ya 41.

Mionzi ilimkausha mate, ingawa si kabisa. Ladha ilipotea miezi minne, ikarudi kwa vipande, chumvi kwanza. Kilo tisa zilimtoka, sita zimerudi. Alama yake ya kumeza ilikuwa 61 mwezi wa tatu na 82 baada ya mwaka. Vitu vikavu bado anavisindikiza kwa maji, na akicheka huku anakula hupaliwa, kwa hiyo ameacha kusimulia hadithi mezani. Usikivu wake tuliupima tena: uko palepale ulipokuwa kabla.

Kila miezi mitatu anakuja, nachungulia kwa kamera, halafu navaa glavu. Kushoto sasa kuna kovu laini lenye bonde dogo katikati. Kidole kinapita bila kugota.